Mzee wetu bado anafaa kushika usukani? Maswali na majibu

Baba ametimiza miaka 78. Umri huo hautoshi kumwambia aache kuendesha?

Hautoshi. Wapo wazee wa miaka 80 wanaoendesha vizuri kuliko mtu wa miaka 45 ambaye kisukari chake hakijatulia. Kinachopimwa ni uwezo wa kuona, kuamua haraka, na mwili kutii uamuzi huo. Ni kweli umri una yake: jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni husinyaa na lenzi hufifia. Wazee wengi huanza wenyewe kuzikwepa safari za usiku. Msimcheke; anajijua.

Wasiwasi wangu uko kwa yule asiyejijua, na maradhi kadhaa yana tabia hiyo ya kumficha mwenyewe habari.

Lakini anasoma gazeti bila shida. Macho apimwe ya nini?

Presha ya macho, yaani glakoma, huanza kula kingo za kile anachokiona. Haiumi, na ubongo huziba pengo kwa kubahatisha, kwa hiyo mtu anasoma herufi ndogo kabisa huku hamwoni mtoto anayechomoka pembeni mwa barabara. Kusoma herufi za ukutani hakutaligundua hilo. Aombe apimwe na upana wa kuona. Mtoto wa jicho afadhali, kwani hujitangaza: taa za magari yanayokuja humtawanyikia machoni. Tena upasuaji wake kwa kawaida hurudisha uoni.

Daktari atampima nini kingine?

Ataanza na maradhi aliyowahi kuugua na dawa zote anazotumia. Atamwambia ageuze shingo, maana asiyeweza kugeuka hawezi kuangalia nyuma ya bega. Atapima nguvu na hisia za miguu, kwani mguu wenye ganzi haujui umekanyaga breki kiasi gani. Anaweza kumpa karatasi achore saa yenye mishale, au aunganishe namba na herufi kwa zamu. Jaribio hilo linaonekana la kitoto, lakini linaonyesha kama akili bado inaweza kufuatilia mambo mawili kwa pamoja, na kwenye makutano ndivyo inavyotakiwa. Huko ndiko madereva wazee hupatia ajali nyingi, hasa wanapokata kona mbele ya magari yanayokuja.

Karatasi peke yake haitoi hukumu. Palipo na shaka, kipimo cha maana ni kuendesha barabarani akiwa na mkaguzi aliyefunzwa kazi hiyo.

Natumia insulini. Naruhusiwa kuendesha?

Kwa wengi, ndiyo, mradi ujipime. Pima kabla ya kuwasha gari, na kila baada ya saa 2 safarini. Sukari iwe 5 mmol/L au zaidi (sawa na 90 mg/dL). Ikiwa kati ya 4 na 5, kula kitu kwanza. Chini ya 4, usiendeshe. Ikikushukia njiani, egesha, zima injini, hama kiti cha dereva, kisha tumia glukosi au kinywaji chenye sukari. Hapa wengi hukosea: wakishaona namba imepanda, wanaondoka. Ubongo huchelewa kupata nafuu kuliko damu, kwa hiyo subiri dakika 45 tangu sukari irudi sawa. Na kama siku hizi sukari hushuka bila wewe kutetemeka wala kutoka jasho, acha kuendesha mpaka umwone daktari.

Wanaotumia vidonge vya kisukari vya metformini peke yake ni nadra kushukiwa na sukari hivyo. Glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, lakini, inaweza kuishusha.

Na mwenye kifafa?

Sheria hutofautiana kwa nchi. Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida hudai miezi 12 bila kifafa kwa gari dogo, na miaka 10 bila kifafa wala dawa zake kwa lori au basi.

Mume wangu anakoroma sana na kusinzia mchana. Hilo nalo ni ugonjwa?

Huenda pumzi yake inakatika usingizini, na hilo linatibika. Apimwe mapema: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 3 za kusinzia ni zaidi ya mita 60 bila dereva. Dawa za zamani za mafua na mzio, na za usingizi, huleta hatari hiyohiyo.

Mama ameanza kusahau, ila hataki kusikia habari ya kuacha gari.

Angalieni mikwaruzo mipya kwenye bampa, kupotea njia aliyoizoea, kuchanganya breki na mafuta. Jiulizeni pia: mngempa mjukuu apande naye? Mkisita, mmeshajibu.

Msimfiche funguo kimyakimya. Atazitafuta na ugomvi utakuwa mkubwa zaidi. Mpelekeni kwa daktari, neno litoke kwake, kisha mkae naye na ratiba mkononi: nani atampeleka ibadani, nani kliniki, nani kwa shoga zake.