Karatasi za Gavana Herbert: zipi zake, zipi za serikali?

Wanafunzi wanaoandika tasnifu kuhusu ukoloni huniuliza sana: karatasi za gavana fulani ziko wapi? Wanategemea niwatajie jengo moja na namba ya boksi. Sina jibu la aina hiyo. Sababu yake nitaieleza kwa kumfuata mtu mmoja ambaye huku kwetu hajulikani sana: Sir John Herbert, mwanasiasa wa Wales aliyepelekwa Bengal, jimbo la India chini ya utawala wa Waingereza, kuwa gavana mwaka 1939 na kufia Calcutta, mji mkuu wa jimbo hilo, Desemba 1943, wakati jimbo lake likiwa limekumbwa na njaa ambayo wanahistoria wengi wanakadiria iliua watu kati ya milioni mbili na tatu.

Herbert hakukulia kwenye utumishi wa India. Alikuwa mbunge wa Conservative wa Monmouth tangu uchaguzi mdogo wa 1934, na bungeni alikuwa mmoja wa wanadhimu wasaidizi wa chama. Lilikuwa jambo la kawaida wakati ule: Bengal, Bombay na Madras zililetewa wanasiasa kutoka London, majimbo mengine yakaachiwa maofisa waliopanda ngazi hukohuko India. Kwa mtunza kumbukumbu tofauti hii ni kubwa. Ofisa wa miaka thelathini kazini unamfuata kwenye majalada ya wilaya hadi wilaya, madokezo yake yakiwa na saini tangu ujana. Mwanasiasa anatua moja kwa moja kileleni. Nyuma yake hakuna jalada lolote la India la kumpima nalo, na mambo mengi anayamaliza kwa barua za mtu na mtu.

Sasa tuangalie barua hizo zilivyokuwa. Chini ya Sheria ya Serikali ya India ya 1935, majimbo yaliendeshwa na mawaziri waliotokana na mabunge ya majimbo, na gavana akabakiwa na madaraka maalumu pamoja na kifungu cha 93, kilichomruhusu kuchukua utawala mikononi mwake mambo yakikwama. Gavana alitakiwa kumwandikia Viceroy, mtawala mkuu wa India kwa niaba ya mfalme wa Uingereza, wakati huo Lord Linlithgow, takriban kila wiki mbili. Barua hiyo ilikuwa ya nusu rasmi: salamu za kirafiki juu, saini ya mkono chini, na katikati kila kitu, yaani bei ya mchele, hofu ya Wajapani waliokwisha kuiteka Burma, nani kati ya mawaziri anaelewana na nani. Mawaziri hawakuonyeshwa. Waziri Mkuu wa Bengal, A. K. Fazlul Huq, hakuwa na njia ya kusoma gavana wake anamwelezaje kule Delhi.

Je, karatasi hiyo ni ya Herbert au ya serikali? Nakala iliyopokelewa ilibaki na Linlithgow, na karatasi zake leo ziko British Library, London, kwenye kundi lenye alama F125. Ofisi ya katibu binafsi wa gavana nayo ilikuwa na mafaili yake, na sehemu ya mafaili hayo imo kwenye kumbukumbu za India Office, yaani wizara ya London iliyosimamia India, katika jengo hilohilo la London. Majalada ya idara za serikali ya Bengal, ambako maagizo yaligeuka kuwa utekelezaji, yalibaki Calcutta, na baada ya India kugawanywa mwaka 1947 mengine yakawa ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo. Uamuzi mmoja wa gavana umetapakaa miji mitatu. Anayesoma London pekee anaondoka na gavana anayejieleza mwenyewe, na kujieleza ni kazi ambayo mbunge wa zamani anaiweza.

Chukua mwaka 1942. Kwa kuhofia Wajapani wangetua pwani, serikali iliagiza mchele wa ziada uondolewe kwenye wilaya za pwani, na boti zinazobeba watu kumi au zaidi zichukuliwe au ziharibiwe. Bengal ya mito bila boti! Mvuvi hatoki, mkulima hafiki shambani kwake, mchele hauendi sokoni. Tarehe 2 Agosti Huq alimwandikia Herbert barua ndefu akilalamika kwamba gavana alikuwa anawaagiza maofisa moja kwa moja, akiwaruka mawaziri wake. Huq mwenyewe akaja kuichapisha, ndiyo maana tunaweza kuisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Mwezi Oktoba kimbunga kikaipiga Midnapore, wilaya ya pwani ya Bengal. Novemba, waziri wa fedha, Syama Prasad Mookerjee, akajiuzulu, naye akiwa na barua yake ya shutuma kwa gavana.

Kisha ikaja Machi 1943. Usiku wa tarehe 28 Herbert alimwita Huq ikulu. Huq alilieleza bunge kwamba barua ya kujiuzulu ilikuwa imeshapigwa taipu, yeye akatakiwa kuitia saini tu. Karatasi hiyo inanisisimua kuliko nyingine zote za kesi hii. Kwa sura ni waraka wa Huq: jina lake, saini yake. Kwa asili ni waraka wa ofisi ya gavana. Mtunza kumbukumbu anayeorodhesha kwa kuangalia saini ataiweka chini ya jina la Huq, na hatakuwa amekosea kanuni, ila mtafiti atapotea. Herbert akatumia kifungu cha 93, na ilipofika tarehe 24 Aprili serikali mpya ya Khwaja Nazimuddin ikaapishwa. Karibu mwezi mzima wa mvutano wa madaraka, na bei ya mchele ikizidi kupaa.

Nisimwonee. Julai alimwandikia Linlithgow kwamba Bengal inakaribia kufa njaa, na mgao wa nafaka kutoka nje ya jimbo haukuwa mikononi mwake. Alikuwa pia mgonjwa. Septemba Sir Thomas Rutherford akaja kumkaimu, na Wavell, Viceroy mpya, alipofika Calcutta mwishoni mwa Oktoba ndipo jeshi likaingizwa kwenye kugawa chakula. Lakini barua ya Julai isisomwe bila zile za kabla yake. Zisomwe kwa mfuatano, na msomaji ahesabu ni aya ngapi zinazungumzia mawaziri na ngapi zinazungumzia chakula.

Upande wa walioumia uko wapi? Hapa tuna deni kwa mtu mmoja. Tume iliyochunguza njaa, ikiongozwa na Sir John Woodhead (ambaye alikuwa gavana wa muda wa Bengal mwaka huohuo wa 1939, kabla tu ya Herbert, jambo ambalo lingestahili kelele zaidi), ilitoa ripoti mwaka 1945 na kukadiria vifo milioni moja na nusu. Ushahidi iliousikiliza uliamriwa uteketezwe. Mjumbe mmoja, Sir Manilal Nanavati, hakuteketeza nakala zake, na leo ziko Kumbukumbu za Taifa za India, New Delhi, kama karatasi binafsi. Kwa hiyo ushahidi rasmi wa serikali umesalia kwa sababu ulikaa mikononi mwa mtu binafsi, wakati maoni binafsi ya gavana yamehifadhiwa vizuri kwa sababu yalipita ofisini.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania watakuwa wameshaona ninakoelekea. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza zisikabidhiwe kwa nchi zinazopata uhuru. Nyingine zilichomwa, nyingine zikapakiwa kwenda Uingereza. Maelfu ya majalada yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, yalijulikana mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali hiyo mahakamani London. Karatasi za Evelyn Baring, gavana wa Kenya wakati wa hali ya hatari, ziko Chuo Kikuu cha Durham, mbali kabisa na majalada hayo.

Asiye na nauli ya London aanze na majuzuu kumi na mawili ya nyaraka za kukabidhi madaraka India, yaliyotolewa kuanzia 1970 chini ya uhariri wa Nicholas Mansergh. Baadhi ya barua za Herbert zimo, ila ni zile ambazo wahariri waliona zinagusa suala la madaraka. Habari za boti utazikuta kidogo sana. Hizo fungua ripoti ya Woodhead.