Ngazi ya boti ipimwe majini, dukani ni kuichagua tu

Wadau wa maji, habari zenu. Mwezi huu nimefunga ngazi tatu za kupandia boti hapa Kirumba, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, na zote wenye boti walikuja nazo zimeshanunuliwa, zinang'aa kweli, na mbili kati ya hizo ni fupi. Ikikunjuliwa, kidato cha mwisho kinaishia kidogo tu chini ya maji, yaani ni ngazi ya mtu ambaye tayari yuko nusu juu.

Mi hili jambo naliongea sana kwa sababu limenipata. Tulikuwa wawili kwenye boti ya faiba ya futi 18, tunatoka Luchelele kuelekea upande wa Kamanga, injini ikanasa wavu. Nikazima, nikavaa laifu jaketi, nikashuka na kisu kukata. Kukata haikuchukua hata dakika kumi. Kurudi juu sasa! Ukingo wa boti hauzidi sentimita 60 kutoka kwenye maji, unaushika vizuri kabisa, ila ukijivuta miguu yote inaenda chini ya boti na kifua kinagandishwa ubavuni, jinzi imelowa inakuvuta, laifu jaketi inakuzuia mbele. Nikajaribu mara tatu, mara ya tatu mikono ikaanza kutetemeka. Mwenzangu ndo akanishika mabegani akanivuta. Ningekuwa peke yangu nisingepanda, nasema ukweli.

Na huku kwetu watu wanaingia majini kila siku. Nyavu, magugu maji kwenye pangaboi, halafu kuna familia zinaenda kuogelea kwenye kina ili kupunguza hatari ya kichocho, maana konokono wake wanapenda kule pembeni penye majani na maji yaliyotulia. Kwa hiyo swali la ngazi ni moja: mtu aliyechoka, yuko majini, juu hakuna wa kumsaidia, atapanda?

Kinachojibu hilo swali ni kina cha kidato cha chini. Wamarekani kwenye viwango vya ABYC, lile baraza lao la boti, wanataka kidato cha mwisho kiwe angalau inchi 22 chini ya maji, kama sentimita 56. Ukiwa unaelea, goti halipandi juu sana, unatakiwa uweke mguu kwanza ndo mikono ifanye kazi. Kwenye boti zetu ndogo hiyo maana yake ni vidato vitatu au vinne, viwili viwe ndani ya maji. Ila usipime boti ikiwa kwenye trela. Ishushe majini, mafuta yawemo, watu wawili watatu wakae, ndo ubandike kipande cha tepu pale maji yanapofika nyuma, upime kuanzia hapo.

Pili, iweze kufunguka kutoka majini. Nimeona ngazi nzuri sana imefungwa mkanda ambao bizimu yake iko ndani ya boti, hiyo haina faida kwa aliyedondoka. Vidato viwe vipana, bomba jembamba linakata nyayo za mtu aliye peku. Na pale juu weka mshikio, maana ngazi ikiisha watu wengi wanakosa cha kushika wanarudi majini kwa mgongo.

Chuma je? Ziwa letu ni maji baridi, hakuna chumvi, kwa hiyo stenlesi ya 304 inatosha kabisa, usiumize mfuko kutafuta 316. Nenda tu dukani na kasumaku kadogo, kakishika kwa nguvu hilo mara nyingi ni bomba la kawaida limepakwa kromu, liache.

Sasa kufunga. Hapa ndo boti nyingi zinauawa. Ubao wa nyuma wa boti za faiba mara nyingi una plaiwudi katikati, kila tundu unalotoboa ni mlango wa maji. Kuna boti niliitiwa, ngazi imeng'oka na skrubu zake nne, nikaingiza bisibisi kwenye tundu ikazama bila kusukuma, nikaitoa na unga mweusi uliolowa kama masimbi ya kahawa. Skrubu tupu usiziamini kubeba mtu. Tumia boliti za kupenya za milimita 8, na kwa ndani weka kipande cha aluminiamu au plaiwudi ngumu ili mzigo usambae, washa ndogo peke yake inazama kwenye faiba.

Kabla ya kutoboa angalia ndani kuna nini, nyaya au tenki. Geuza injini mpaka mwisho kulia na kushoto, inyanyue pia, uone haigusi ngazi, halafu ngazi ikae mbali na pangaboi kadri nafasi inavyoruhusu. Mi natoboa milimita 12, najaza epoksi, ikikauka natoboa tena 8 katikati, hapo boliti inapita kwenye epoksi na mbao haionani na maji. Mdomo wa tundu uusugue upanuke kidogo, faiba isipasuke. Gundi iwe ya poliyurethani ya boti, sio ile silikoni ya vioo inayonuka siki. Wakati wa kukaza mmoja ashike kichwa cha boliti kisizunguke, wewe zungusha nati tu, ukizungusha boliti unachana gundi.

Wenye boti za mbao, boliti zipite kwenye taruma, yaani zile mbavu za ndani ya boti, ubao mtupu hapana. Kamba yenye vitanzi ni bora kuliko kukosa kabisa, ila nayo inakimbilia chini ya boti.

Ikikauka, nenda majini karibu na wenzako, injini imezimwa, vaa nguo zako za kila siku na laifu jaketi, fungua mkanda kwa mkono mmoja na upande bila kusaidiwa. Halafu mwite mwenye boti naye ashuke, na mkewe kama huwa wanaenda wote. Mkishapanda, mulika tochi kule ndani kwenye nati, uone kama pamelowa.