Maji Maangavu Hayamaanishi Kwamba Tangi Liko Tayari

Wengi wanaoanza kufuga samaki wa baharini nyumbani huamini kwamba maji ya chumvi yakishatulia na kuwa maangavu, samaki wanaweza kutiwa siku hiyo hiyo. Imani hiyo inaeleweka, kwani jicho halioni kasoro yoyote. Hata hivyo, amonia inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula haina rangi majini, na hata kiasi kidogo huunguza matamvua. Kinachowalinda samaki ni bakteria wanaozaliana polepole juu ya mawe na mchanga: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6, na ni muda usiofaa kabisa kufupishwa kwa sababu ya hamu.

Anayetaka kuhakikisha atie amonia kidogo kwenye tangi lisilo na samaki, kisha achote maji katika kichupa cha kupimia, adondoshee dawa yake na kulinganisha rangi inayojitokeza na ile ya kadi. Ikiwa baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasomeka sifuri, huku nitrati ikiwa imepanda, bakteria wameshaenea.