Wewe ni wa kwa Nani? Ninavyosaka Albamu Mpya za Dumu na Dethi Metali Nikiwa Moshi

Nilipokuwa mdogo kule Machame, msiba wa Kilutheri bila tarumbeta haukuwa msiba. Wapigaji wa usharika walijipanga kando ya kaburi, tarumbeta ndogo mbele, tromboni nyuma, na tuba pembeni kabisa. Wimbo uleule tuliouimba Jumapili kwa kuchangamka, pale makaburini waliuvuta mpaka noti moja ikawa ndefu kuliko pumzi yangu. Nilikuwa nasimama karibu na tuba makusudi. Ile sauti ilinifika kifuani kabla ya kunifika masikioni.

Leo ni fundi mitambo hapa Moshi. Spika na mikisa zangu zinakwenda harusini, kwenye mikutano ya injili na misibani. Usiku, vyombo vikisharudi stoo, nasikiliza muziki ulionikumbusha ile tuba tangu siku ya kwanza nilipousikia: metali ya polepole na nzito, ambayo Kiingereza huitwa doom na kwa Kiswahili nimezoea kuiandika dumu, pamoja na ndugu yake mkali, dethi (death). Neno dumu limekaa mahali pake, kwa kuwa ni muziki unaodumu. Wimbo wa dakika kumi na mbili huko ni wa kawaida. Kuna tawi linaloitwa dumu ya msiba (funeral doom), na hilo sikulitafsiri kwa nguvu. Ndivyo wenyewe walivyoliita.

Vijana wanaonisaidia kubeba spika huniuliza, "Kaka, hizi albamu unazitoa wapi?" Wanategemea nitaje programu fulani ya simu. Programu hizo ninazo, lakini kazi yake ni kukurudishia kinachofanana na ulichosikia jana, na albamu nzuri ya chini kwa chini mara nyingi ina wasikilizaji mia tatu dunia nzima. Njia yangu mimi nimeitoa nyumbani. Kwetu mgeni akiingia uani, hata kabla hajapewa kigoda, mzee anamuuliza: "Wewe ni wa kwa nani?" Akijibu, mzee anajua ukoo, anajua kijiji, anajua babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Albamu mpya nami naiuliza swali hilohilo.

Chukua Death, bendi ya Florida. Albamu yao ya kwanza, Scream Bloody Gore, ilitoka 1987 na ilirekodiwa na watu wawili tu: Chuck Schuldiner kwenye gitaa, besi na sauti, na kijana wa California, Chris Reifert, kwenye dramu. Baadaye Schuldiner alirudi Florida. Reifert akabaki California, akaunda Autopsy, akawa anapiga dramu na kuimba mwenyewe. Florida wakaendelea kuongeza kasi na ufundi. Reifert alikwenda upande mwingine: katika Mental Funeral ya 1991 dramu zinakimbia, halafu ghafla zinaanguka, zinaburuta mguu kama mtu aliyechoka kupanda mlima, na gitaa linabaki linalia peke yake. Kwangu mimi hapo ndipo dumu na dethi zilipooana kwa harusi halali. Bendi nyingi za leo zinazochanganya mwendo huo ni wajukuu wa nyumba ile, na nyingine zinalisema wazi jina la babu.

Kwa hiyo nikipenda albamu, kitu cha kwanza ni kusoma majina: nani kapiga dramu, nani karekodi, nani kachora kava, lebo gani, yaani kampuni gani ya muziki, imetoa. Halafu nafuata kila jina linakoelekea. Kuna daftari la ukoo kwa ajili ya kazi hiyo, Encyclopaedia Metallum, lililo mtandaoni tangu 2002. Lina zaidi ya bendi laki moja, na ukibonyeza jina la mpiga besi unaona bendi zote alizopita, hata ile iliyotoa kanda moja ya demo, yaani ya majaribio, ikafa.

Nikupe safari moja niliyoisafiri mwenyewe. Niliipenda mno Transcendence into the Peripheral ya diSEMBOWELMENT, bendi ya Melbourne, Australia. Ilitoka 1993 na ndiyo albamu yao pekee. Ina sehemu ambapo dramu zinamwagika kama mvua ya mawe kwenye bati, kisha kila kitu kinakatika, linabaki gitaa safi lisilo na mkwaruzo, polepole, kama mtu anawasha taa chumba kimoja kimoja. Niliisikiliza miezi mingi nikiamini ukoo umeishia hapo. Siku moja nikakaa na majina. Paul Mazziotta, dramu. Matthew Skarajew, besi. Nikayafuata, nikakuta hao wawili wameunda bendi nyingine, Inverloch, na 2016 wakatoa Distance | Collapsed kupitia lebo ya Relapse. Miaka 23 imepita, lakini mkono ni uleule. Dramu za Mazziotta zilipoanza nilimtambua kama unavyomtambua mjomba kwa mwendo wake barabarani, kabla hujauona uso.

Hata waliokuja juzi wana mizizi. Hooded Menace ya Finland, waliotoa Fulfill the Curse mwaka 2008, ni kazi ya Lasse Pyykkö, ambaye zamani alikuwa Phlegethon. Denver, Marekani, nyumba mbili zinashirikiana watu: Blood Incantation wa Starspawn (2016) na Spectral Voice wa Eroded Corridors of Unbeing (2017). Wengi wameijua ya kwanza kwa sababu imepata jina kubwa. Mimi nakwambia ingia ya pili. Ndiyo yenye giza la kweli, na albamu yao ya 2024, Sparagmos, inahitaji usikilize ukiwa umekaa chini.

Albamu zote mbili nilizotaja mwanzo hapo Denver zilitoka Dark Descent, lebo ya Colorado, na nyumba hiyohiyo ndiyo iliyonipa Unending Degradation ya Krypts (2013). Lebo ndogo ni kama yule mama wa mitumba Kiboriloni unayemwamini. Soko lina marobota mia, lakini yeye ameshachambua, na ukifika anakutolea koti moja alilokuwekea chini ya meza. Mwenye lebo ndogo hana fedha ya kutoa kazi ya mtu asiyemwelewa. Anasikiliza demo mia, anachagua mbili, anachapa nakala mia chache. Zitafute lebo tatu au nne ambazo jicho lao linakubaliana na sikio lako, ukague walichotoa kila mwezi, na humo msako unaisha nusu. Zangu ni hiyo, 20 Buck Spin ya Pittsburgh na Profound Lore ya Kanada.

Studio nayo ina ukoo. Left Hand Path ya Entombed, bendi ya Sweden, 1990, ilirekodiwa Sunlight, Stockholm, mikononi mwa Tomas Skogsberg, na lile gitaa lake linalokereza kama msumeno wa injini lilitokana na kikanyagio kimoja cha kukwaruza sauti ya gitaa, pedali ya Boss HM-2, iliyofunguliwa vitufe vyote mpaka mwisho. Pedali hiyo ilianza kuuzwa 1983 na watu waliendelea kuililia mpaka kampuni ikaitengeneza upya 2021. Sasa kila kona ya dunia kuna bendi yenye sauti ile. Hapa naomba uwe mwangalifu: kuvaa koti la babu hakukufanyi mjukuu. Ukisikia msumeno, subiri usikie kama chini yake kuna rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, inayoweza kusimama hata ikipigwa kwa gitaa kavu la shuleni.

Sasa suala la vyombo, na hili nalisema kama fundi. Usiihukumu albamu ya dumu kwa spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa katika tyuni ya kawaida unatetema mara 82 kwa sekunde. Bendi hizi huushusha hadi noti ya B, karibu mara 62, au A, mara 55, na gitaa la besi linakaa chini ya hapo kabisa. Spika ya simu haifiki huko hata kidogo. Unachosikia ni mkwaruzo wa juu tu, ni kama kuona moshi ukasema umekula nyama. Desturi yenyewe ya kushusha nyuzi ilitokana na maumivu. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda huko Birmingham akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na kwenye Master of Reality ya 1971 nyuzi zikalegezwa nusu toni tatu ili vidole vipumue. Uzito wote huu tunaoupenda ulianzia kwenye mkono wa kibarua aliyeumia. Mimi huwa nalikumbuka hilo kila ninapoweka albamu mpya. Tafuta hedifoni zinazofunika sikio zima, au spika yenye koni ya inchi 12 na kuendelea.

Kuna kosa moja linaloharibu albamu nyingi za sasa, nalo ni mwangwi. Bendi changa inataka isikike kama imerekodi pangoni, basi inamwaga mwangwi juu ya kila kitu. Ninaujua ugonjwa huo. Nimefunga mitambo kwenye makanisa yenye paa la bati na kuta tupu, ambako mhubiri akisema neno linamrudia mara nne na hakuna anayeelewa mahubiri. Mwangwi mzuri una chanzo. Unasikia kwanza fimbo ikigonga ngozi ya dramu, tap, kavu, halafu chumba kinajibu. Mwangwi mbaya unajibu swali ambalo halikuulizwa. Nikikosa kusikia ile fimbo ndani ya dakika mbili za kwanza, mara nyingi naiacha albamu. Kosa la pili ni kubana sauti mpaka kila kipande kina nguvu sawa. Dumu inaishi kwa tofauti ya kimya na mshindo. Ukiwa umeshapiga kelele tangu mlango wa kwanza, huna pa kwenda.

Naisikiliza albamu mara tatu kabla ya kuinunua. Mara ya kwanza nikiwa nakunja nyaya, bila kuipa uso wangu. Ya pili usiku, taa imezimwa. Ya tatu baada ya siku nne tano, na hiyo ndiyo inayotoa hukumu: kama katikati kuna rifu niliyokuwa naipiga mluzi bila kujua, naichukua. Nanunua kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, kwa sababu wao hukata asilimia 15 kwenye mafaili na kinachobaki, ukitoa gharama za malipo, ni cha bendi au lebo. Faili la MP3 la ubora wa juu kwa albamu ya dakika 50 ni kama megabaiti 120, kwa hiyo kifurushi cha usiku kinatosha albamu kadhaa.

Wapo wanaoniuliza kama huu ni muziki wa shetani. Nawajibu, soma mashairi yake, bendi kwa bendi, kama unavyofanya kwa muziki wowote. Zipo bendi zinazochezea mambo hayo na mimi sizinunui. Lakini sehemu kubwa ya dumu inazungumzia kufiwa, uzee na hofu ya usiku, na hayo yapo hata kwenye kitabu chetu cha nyimbo.

Wala usidhani koo zote ziko ng'ambo. Ghanzi, Botswana, wapo Overthrust, dethi ya zamani isiyo na sukari. Kampala wapo Vale of Amonition, dumu ya hapa jirani. Nairobi, Martin Khanja aliimba Lust of a Dying Breed, akaingia Duma pamoja na Sam Karugu, na albamu yao ikatolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hiyo si dumu wala si dethi kamili, ni kelele ya mashine na koo la mtu, lakini ukilifuata jina la Khanja unafika kwenye The Adept ya 2024, kazi yake mwenyewe kwa jina la Lord Spikeheart. Swali ni lilelile, na linafanya kazi hata kwa koo unazozifikia kwa basi la Namanga, mpakani mwa Kenya.

Julai, ukungu ukiwa umeufunika mlima tangu asubuhi, nilikwenda kumwona Mama nikabeba spika moja niliyotaka kuijaribu. Niliweka Mirror Reaper ya Bell Witch, bendi ya Seattle, ya 2017: wimbo mmoja wa dakika 83, gitaa la besi, dramu na kinanda, bila gitaa la kawaida. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Akaja mpaka mlangoni na kisu mkononi, akasikiliza.

"Huu ni msiba wa nani?"

Nikamwambia, ni wa Adrian Guerra, Mama. Alikuwa mpiga dramu wao wa kwanza, akafariki 2016 wakati wimbo huu unatungwa. Walikuwa na sauti yake waliyoirekodi zamani wakaiacha bila kuitumia, wakaiweka humu katikati. Hiyo unayoisikia sasa ni yeye.

Akakaa kwenye kigoda, sufuria miguuni, akaendelea kumenya. Baadaye kidogo nilinyoosha mkono nipunguze sauti, nikidhani inamchosha.

"Usiwakatize," akasema. "Waache wamzike kwanza."