Kushirikiana na chama cha wafanyakazi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kazi ya chama ni mgomo." Kwa kuamini hivyo, vikundi vingi vya wenyeji vinavyopigania ajira bora huanza bila chama, na hilo ni kosa. Mgomo ni hatua ya mwisho. Kila siku tawi la chama mahali pa kazi hupokea malalamiko, humsindikiza mfanyakazi kwenye kikao cha nidhamu na kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Haki ya kujiunga na ya kujadiliana imo katika Mikataba namba 87 (1948) na 98 (1949) ya Shirika la Kazi Duniani.

"Kazi bora ni mshahara mnono." Kima kizuri cha siku hakimsaidii kibarua anayeitwa mara mbili kwa wiki. Ulizeni pia ratiba hutoka siku ngapi kabla, nani hulipwa akiugua, na kibarua huajiriwa rasmi baada ya muda gani.

"Tukionana na viongozi wa makao makuu ya chama, yatosha." Wao wana wanasheria na uzoefu wa mazungumzo, lakini hawapo zamu ya usiku. Kaeni na wawakilishi wa tawi mkiwa na hati za mshahara za miezi 3 na daftari la mahudhurio. Linganisheni mstari kwa mstari. Hapo ndipo huonekana saa za ziada zilizoandikwa "posho" na kulipwa pungufu, au makato ya akiba ambayo hayakufika kwenye mfuko.

"Mkishasaini makubaliano na mwajiri, mmemaliza." Hapa ndipo makubaliano mengi hufia, na chanzo ni maneno. "Mwajiri atajitahidi kuajiri wenyeji" hakuna anayeweza kuyadai. Andikeni hivi: kati ya kila nafasi 10 mpya za ufundi, 4 zijazwe na wakazi waliohitimu mafunzo, orodha ya walioajiriwa ifike kwa kamati ya pamoja kila miezi 3. Idadi mtapanga wenyewe, ila iwepo. Wekeni ngazi za malalamiko: msimamizi ajibu ndani ya siku 5, kamati ndani ya siku 14, kisha mpatanishi wa nje. Masharti haya yambane pia mkandarasi mdogo, yaani anayepewa na mwajiri sehemu ya kazi, la sivyo mwajiri atahamishia kazi kwake na masharti yote yatabaki kwenye karatasi.

"Chama hutetea wanachama tu." Inategemea sheria na mkataba wenyewe, mingi huwagusa wafanyakazi wote wa kitengo. Wanaosahaulika ni vibarua na wafanyakazi wa wakala, yaani wanaoletwa kazini na kampuni nyingine iliyowaajiri. Watajeni kwenye ukurasa wa kwanza, panapoelezwa "mfanyakazi" ni nani.