Karata ya tano imefunuliwa: uweke dau au upishe?

Kamari kwetu ni haramu, kwa hivyo hesabu zote hapa ni za komwe, zile zile za bao. Katika poka ya holdemu (kila mtu ana karata mbili mkononi, na tano za wote hufunuliwa mezani) yenye kima maalumu cha 2 na 4, dau ni 2 kabla ya karata za mezani na baada ya tatu za mwanzo, kisha 4 kwenye ya nne na ya tano. Mkiruhusu nyongeza tatu kila mzunguko, mtu anaweza kutoa komwe 48 kwa mkono mmoja. Bao zima lina 64 tu. Azimeni la jirani.

Karata ya tano ikishafunuliwa, wengi hujiuliza: "Nashinda?" Swali hilo halitoshi. Uliza hivi: katika karata mwenzangu atakazokubali kuzilipia dau langu, nazishinda zaidi ya nusu? Atakazotupa usizihesabu, hizo ungezishinda hata ungepisha, yaani usiweke dau.

Tuseme una ree na ghulamu. Mezani pana malkia, 7, 2, 4, na mwisho ghulamu. Mfululizo hauwezekani, na karata za aina moja hazifiki tatu. Chungu, yaani madau yaliyokusanywa mezani, ina komwe 24, mwenzako kapisha, umebaki wewe. Ukiweka 4, yeye atoa 4 kutafuta 28. Akishinda mara moja tu katika nane, hakupoteza kitu, ndiyo maana watu hulipa na karata dhaifu.

Aliyekulia kwenye mchezo wa karata wa wahedi wa sitini ameshazoea kuhesabu zilizotoka. Maghulamu wamebaki wawili: pamoja na wafalme wanne ni njia 8 za mwenzako kushika karata hizo mbili, pamoja na makumi 8. Hizo 16 unazishinda. Malkia wamebaki watatu: na mfalme 12, na kumi 12, na ree 9, na ghulamu 6, na saba 9. Jumla 48, zote zakupiga. Pisha, tena bila kusita.

Ila hapo nimemchukulia mwenzako kuwa mtu wa kupisha hata akiwa na malkia. Mwenye pupa angeshaweka dau mwenyewe, na nyingi katika zile 48 ungezifuta.

Mlipaji holela naye hubadilisha hesabu. Analipa hata na 10-7, 9-7 na 8-7, njia 12 kila moja. Sasa unashinda 52 katika 100. Weka? Ngoja. Akiwa na malkia na ghulamu, au malkia na saba, njia 15, ataongeza. Ukimlipa nyongeza, hizo zinakugharimu 8 badala ya 4: wapata 208, watoa 132 na 120, hasara 44. Ukitupa akiongeza, unabaki na faida ya 16 kwa mikono mia. Ni kidogo, lakini ni faida. Basi dau jembamba namna hii ni la kumwekea asiyeongeza kwa ghiliba. Kwa mwongo, nusu na kidogo haitoshi.

Ukiwa wa kwanza kusema, kanuni ya nusu haifanyi kazi peke yake, kwa sababu kupisha hakumalizi mkono. Linganisha karata dhaifu atakazolipia na zile atakazowekea dau mwenyewe ukipisha. Mwoga anayelipa lakini haweki, mwekee. Mwenye kupenda kutisha, mpishie, aweke yeye, kisha mlipe.