Si lazima mtoto ajue kutaipu ndipo aanze kuprogramu

Wazazi wengi husema: mtoto ajue kwanza kutaipu kwa vidole kumi, programu baadaye. Sivyo. ScratchJr, app ya kuprogramu iliyotoka 2014 kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, haimdai aandike hata neno. Anaburuta vipande vya amri vyenye picha na kuvipanga. Juzi binti yangu alitaka paka wa kwenye skrini asimame kwenye mti. Paka akapitiliza. Binti akahesabu miraba ya skrini kwa kidole, akapunguza namba ya hatua, akajaribu tena. Huko ndiko kuprogramu kwenyewe.

Kutaipu nako kuna siku yake: dakika kumi, vidole vya shahada vikipapasa vijinundu vya vitufe vya F na J. (Mimi mwenyewe bado nachungulia.) Scratch ya wakubwa kidogo, miaka 8 kwenda juu, ina hata Kiswahili.